Ushonaji Haumo Kwenye Orodha

Guangzhou, Agosti 1999

Mwanangu Nyamizi,

Salamu sikuandikii, maana tumeamkiana leo asubuhi na kabla jua halijazama tutaonana tena. Umetoka sasa hivi kwenda kuzunguka kiwanja cha chuo mara ya mwisho, na umeniachia amri kana kwamba wewe ndiye mzazi: "Mama, nikirudi nikukute umelala kidogo, macho yamekuwa mekundu." Sikulala. Nimekaa juu ya robota la suruali za mteja wa Kariakoo, daftari nimeliweka mapajani, na cherehani za viwanda vya Kangle zinaunguruma huko chini kama kawaida, hazijui kwamba kesho unaondoka.

Ya sweta, ya pasipoti kukaa mwilini, ya kuandika mara ukifika, hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Tuyaache. Nina jambo moja tu, limenikaa kooni tangu Jumatano, na linahusu ile barua ya Amerika iliyokufanya nusu.

Lakini nianze na hasira, maana ndiyo iliyo juu, na nisipoitoa haitanipisha nifike chini.

Nimeudhika, Nyamizi. Watu wakiniuliza habari za siku hizi nawajibu nzuri, kisha nageuka najiuma midomo. Wewe ni mtoto ambaye pale soko la Zhanxi, siku gari la mizigo lilipoondoka na robota letu moja halijashushwa, ulilifukuza katikati ya mikokoteni na maboksi na watu, ukalikamata kwenye taa, na wasukuma mikokoteni wakakushangilia "kuai, kuai," haraka, haraka, kama watu waliolipa kiingilio. Mwalimu Linda, yule mama wa Kimarekani anayefundisha Kiingereza pale chuoni, hakuhitaji cheti ili akuone. Alikuona asubuhi moja ukizunguka kiwanja peke yako, akavua saa yake akakupima, akakupima tena kwa sababu hakuiamini saa. Akamwandikia kocha wa chuo cha kwao. Kocha akajibu: aje, tutamsomesha, atatukimbilia mita mia nane. Mimi nikasema basi, Mungu amefungua mlango.

Kumbe mlangoni kuna meza, na mezani kuna karani.

Unakumbuka siku Mwalimu Linda alipokuja kutueleza. Alikaa hapahapa kwenye marobota, jasho linamtiririka, wewe ukitafsiri.

"Anasema kwao mwanafunzi hakimbilii chuo mpaka vyeti vyake vikaguliwe. Na si kocha anayekagua. Kuna ofisi yake."

"Wanakagua nini? Umri?"

"Masomo, Mama. Lazima uwe umesoma masomo kadhaa ya msingi, na alama zake zitazamwe, pamoja na ule mtihani wao."

Akatueleza kwamba alama za shule zikiwa ndogo, mtihani wao lazima uwe mkubwa, na alama zikiwa kubwa mtihani unaweza kushuka kidogo. Hilo nililielewa kabla hujamaliza kutafsiri. Ni mizani, upande huu ukipungua unaongeza ule, hata muuza mchele anajua. Lakini masomo yenyewe hayakuwa na mizani. Ama limo kwenye orodha, ama halimo. Akachukua cheti chako cha Kidato cha Nne akaanza kutia alama kwa kalamu. Kiingereza, tiki. Hisabati, tiki. Historia, Jiografia, Kiswahili, tiki, tiki, tiki. Baiolojia, tiki. Kalamu ikafika kwenye Ushonaji ikasimama. Ikaenda kwenye Mapishi ikasimama. Malezi ya Familia, ikasimama.

"Anasema hapa ndipo pangekaa sayansi nyingine. Anauliza Fizikia iko wapi, na Kemia."

Halafu ukacheka kile kicheko chako cha kujifichia, ukamjibu kwa Kiingereza, na mimi ukanitafsiria bila kunitazama: "Nimemwambia alama zangu hazikufika mchepuo wa sayansi."

Mimi nikainuka kwenda kuchemsha chai. Chai ilikuwa tayari iko mbele yetu.

Habari ikashuka ngazi mpaka kwa Bi Zuhura. Unamjua, Mzanzibari yule hawezi kuona pilipili asiitie kwenye mchuzi. Akapanda juu na kanga yake begani. "Weye Mama Nyamizi, ati wanataka kemia? Mtoto atakimbia na chupa mkononi? Miguu inaulizwa cheti! Haya, na kunguru wa Darajani nao waulizwe cheti cha kuruka." Tulicheka mpaka ukakaa chini. Lakini alipoondoka, mimi kicheko kilinibaki mdomoni kama kipande cha muwa kisicho na maji.

Majibu yalipokuja yalikuwa na maneno marefu na maana fupi. Nusu. Ufadhili utapata. Mazoezi utafanya na wenzako. Mashindano, mwaka mzima, hapana. Utaamka nao asubuhi, utatapika nao kwenye mazoezi, kisha siku ya kukimbia watavaa fulana za chuo na wewe utakaa na begi za wenzio. Na huo mwaka wenyewe usipofaulu darasani kwa alama wanazotaka, hata mwaka wa pili hutavaa.

Ndipo tukaipigia simu ile ofisi ya kukagua vyeti. Aibu ya simu ile mpaka leo unanitania nayo, nami naiandika hapa ili ujue najua jinsi nilivyokuwa. Saa kumi na moja alfajiri tumesimama kwenye simu ya kadi ya barabarani, kwao ndiyo jioni wanakaribia kufunga ofisi.

"Mwambie ushonaji ni hesabu," nilikuambia. "Mwambie aje Kangle akate mkono wa koti ukae begani bila kujua hesabu, nimwone."

"Anasema haumo kwenye orodha."

"Auandike."

"Mama, yeye haandiki orodha. Anaisoma tu."

"Muulize laoban wake nani."

"Mama! Hapa si sokoni. Hakuna bosi wa kuitwa nyuma ya pazia."

"Kila mtu ana bosi."

Ukaniziba mdomo kwa kiganja, huku ukimshukuru yule mama karani kwa sauti ya kanisani. Kadi ikaisha. Tukarudi nyumbani. Wewe ukijua umenikasirikia kwa sababu nimekuaibisha. Mimi nikijua ninayemtafuta kwenye simu ile hayuko Amerika.

Sasa nakuambia kitu ambacho hukijui.

Wiki iliyofuata nilikuaga kwamba nakwenda mtaa wa Yide Lu kumchukulia mteja midoli na kalamu za rangi. Nilikwenda kweli. Lakini katika mkoba nilikuwa na nakala ya cheti chako. Nyuma ya yale maduka ya vifaa vya shule kuna vichochoro, na katika kimoja kuna mzee anayechonga mihuri. Wafanyabiashara wenzangu wananitajia mzee huyo kila mtu akikwama kwa karatasi. Nikamwonyesha cheti, nikaweka kidole juu ya neno la Ushonaji, nikapunga mkono kumwonyesha kwamba hili liondoke. Hakushangaa hata kidogo. "Mei wenti," akasema, hakuna tabu. Akanisukumia kipande cha karatasi na kalamu ili nimwandikie neno la kuweka.

Nikaanza kuandika Fizikia, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kama wanavyoandika kwenye vyeti. Nilifika katikati ya neno mkono ukagoma.

Usidhani nilimwogopa polisi, au nilikumbuka mahubiri. Nilikuwa nimekasirika kiasi ambacho ningemwibia hata askofu. Kilichonishika mkono ni kwamba niliona ninachokifanya. Nilikuwa nimevuka bahari kuja kukununulia kwa mchonga mihuri Fizikia ya bandia, na ile ya kweli, Nyamizi, ile uliyoipata kwa kichwa chako, niliitupa mwenyewe kwa kalamu, siku moja, nikiwa nimevaa nguo zangu za heshima.

Mzee akaniambia "kuai, kuai." Nikachukua cheti nikatoka.

Alama zako zilifika.

Naandika tena ili nisiweze kujidai nimekosea kuandika. Alama zako zilifika, na zilipita. Matokeo ya Kidato cha Pili uliyofanya pale shuleni kwa masista, Hisabati ulipata A, Baiolojia A, Fizikia B, Kemia B. Karatasi ninayo. Imekaa miaka minne katika bahasha ya picha zangu za pasipoti, imesafiri nami Dubai, imesafiri nami hapa. Ilitumwa kwa mzazi. Wewe ulikuwa Nzega kwa bibi yako unaugua tetekuwanga, nami nilikwenda peke yangu kumwona Mkuu wa Shule.

Mkuu alinipa mkono. Alisema, "Hongera mama, huyu ni mmoja kati ya wanne." Akanieleza kwamba shule yao haina mchepuo wa sayansi, wana sayansi kimu tu, kushona na kupika, na hao wanne wamepewa nafasi ya kuhamia shule ya sayansi mkoani. Shule ya mchanganyiko, ya wavulana na wasichana. Akaniwekea fomu mbele.

Nikamuuliza, "Nisipokubali?"

"Atabaki hapa na mchepuo wa hapa. Lakini mama, fikiri. Nafasi hizi hazirudi."

Sikufikiri. Nilitia saini upande wa hapana. Alinitazama sana mama yule, kisha akasema taratibu, "Utamwambia mwenyewe?" Nikasema ndiyo.

Na ulipopona nikakuambia. Tulikuwa jikoni kwa bibi, wewe unachambua mchicha. Nikasema, "Wamesema alama za sayansi hazikufika, utabaki pale na sayansi kimu." Hukulia. Laiti ungelia, labda ningesema kweli papo hapo. Uliuliza tu, "Hazikufika kwa ngapi?" Nami nikajibu, "Kidogo." Ukarudi kwenye mchicha wako. Hukuuliza tena mpaka leo.

Kwa miaka yote nimejiambia sababu moja, na sababu hiyo si ya uongo, ila ni nusu. Nilikuwa nimeanza biashara ya nguo. Safari yangu ya kwanza ya Dubai nilileta makoti ya watoto ambayo mishono ilifumuka kabla hata hayajavaliwa, wanawake wakaja kunirushia dukani mbele za watu. Sikujua mshono mzuri wala mbaya. Nikasema nikiwa na binti anayejua kushona, hakuna atakayenidanganya tena. Na unaona, ilitimia. Mwezi wako wa tatu hapa Kangle ulishika blauzi moja kwenye rundo la mamia ukasema, "Mikono hii imegeuzwa, wa kushoto uko kulia," laoban wa kiwanda akabisha, akajaribu kumvalisha mfanyakazi wake, ikamkaba kwapani, wote wakacheka. Akaniambia binti yako ana macho. Jioni ile nilikununulia kile kiatu cha mbio. Nilitembea barabarani kama mtu aliyeshinda kesi. Nikasema, unaona, nilijua ninachofanya.

Sababu ya pili ndiyo ya kweli, na sijawahi kumwambia mtu.

Wewe unajua nilifukuzwa shule kwa sababu yako. Hivyo ndivyo ulivyozoea kusikia, na naomba nisahihishe: hapakuwa na "kwa sababu yako." Nilikuwa Kidato cha Pili, nina miaka kumi na sita na nusu. Kila muhula muuguzi alikuwa anatupanga mstari, tunaingia mmoja mmoja, anatubonyeza tumbo. Siku ile alibonyeza, akabonyeza tena. Hakuniambia kitu. Alimwandikia Mkuu wa Shule kikaratasi, akanipa mimi mwenyewe nikipeleke. Nilikibeba kikaratasi changu kutoka zahanati mpaka ofisini, nimekikunja vizuri kisichafuke. Kabla ya saa sita nilikuwa barabarani na godoro langu kichwani. Sheria ilikuwa hivyo. Msichana mwenye mimba hasomi, basi, hakuna aliyeniuliza Hisabati naipendaje. Na niliipenda. Baba yako alikuwa Kidato cha Nne shule ileile, ya mchanganyiko. Yeye alifanya mtihani wake akamaliza.

Kwa hiyo Mkuu wako aliponiambia "mchanganyiko," Nyamizi, mimi sikuona maabara. Niliona godoro.

Nilikuogopea, ndivyo ninavyosema nikitaka kujionea huruma. Lakini nikikaa nalo vizuri naona kwamba sikukuogopea wewe, maana wewe sikukuuliza. Wewe ulikuwa mtoto uliyeweza kukaa mbele ya sufuria dakika nzima ukiniuliza kwa nini maziwa yanapanda ghafla na maji hayapandi. Nilikujibu, "Maziwa yana kiburi." Ukasema, "Hapana, kuna kitu." Ulikuwa na miaka saba. Mtoto yule ndiye niliyemtilia saini, na kisha nikamdanganya kwamba ni yeye aliyeshindwa. Kukuzuia usiende lingekuwa kosa la mama mwoga; wako wengi na Mungu anawajua. Lakini kukuachia wewe lawama! Hilo sijui nitalipa jina gani.

Mimi sheria ilinitoa shule mchana, kila mtu anaona, nikajua nani wa kumchukia. Wewe nilikutoa mimi, kwa upole, na chai baadaye.

Ndiyo maana nimekasirika hivi na yule karani wa simu. Anasoma orodha iliyoandikwa na wengine, hakuoni, hakujui, anasema nusu. Sheria yao naiona ya kijinga mpaka kesho. Mtu anayeweza kugeuza kitambaa bapa kikawa bega la mtu, wanamwambia hajasoma. Na wale watakaokaa kwenye mstari wa kuanzia, sijui kama kuna hata mmoja anayeweza kupandisha zipu iliyokatika. Lakini karani hakunifundisha kusema uongo. Yeye alichosema ni kwamba pale pangekaa Fizikia. Na ni kweli pangekaa.

Sasa Jumatano. Ulikuwa na Mwalimu Linda hapa mezani mnajaza ile fomu ya masomo utakayochukua chuoni. Mimi napanga mizigo, mnadhani sisikii. Kiingereza changu ni cha sokoni lakini kinatosha. Alikuuliza unataka kusoma nini. Ukasema chochote chepesi. Akakuonyesha masomo ya afya na mwili, ya namna misuli inavyofanya kazi, akasema wanariadha wengi wanayapenda. Nilikuona unayasoma. Nilikuona kidole chako kinashuka kwenye ule ukurasa, kinarudi juu, kinashuka tena, kama ulivyokuwa unaitazama sufuria. Halafu ukafunga kitabu ukamwambia, "Mimi kichwa changu kizito. Miguu ndiyo myepesi. Nichagulie yale ambayo sitafeli, nisije nikanyimwa kukimbia na mwaka wa pili."

Akaandika. Mapambo ya nyumba. Malezi. Na kitu kingine cha namna hiyo.

Nilishika mkanda wa kufungia robota nikaukata pasipohitajika. Hapo ndipo niliposhindwa kukaa na jambo hili. Miaka minne nilidhani uongo wangu nimeuficha mahali ambapo hauli chochote, kumbe unakula kila siku. Unakwenda nchi ambayo kila muhula watakupima darasani kabla hawajakuruhusu kukimbia, na unakwenda huku umekwisha kujihukumu kwa uongo wangu. Watakuambia kitu ni kigumu, na wengine kitawashinda kwa sababu ni kigumu kweli, lakini wewe kitakushinda kabla hujakifungua, kwa sababu mama yako alisema "kidogo."

Mwalimu Linda alisema fomu ile inaweza kubadilishwa mpaka siku masomo yatakapoanza. Nilimuuliza mwenyewe juzi, kwa Kiingereza changu hichohicho, tulipokuwa ngazini. "Can change?" Akasema ndiyo, akashangaa kwa nini nimemshika mkono kwa nguvu namna ile.

Sikuambii uchague Fizikia. Nimekuchagulia mara moja na umeona. Huenda ukayafungua masomo ya mwili na misuli ukayaona hayana ladha. Huenda umeyapenda mapambo ya nyumba, sijui, hatujawahi kuwa na nyumba ya kupamba. Huenda ukajaribu hayo magumu ukafeli kweli, ukanyimwa fulana mwaka wa pili pia, na ukanilaumu kwamba ni heri ningenyamaza. Hilo nimelifikiria sana, na bado nakuambia, kwa sababu ukifeli hapo utakuwa umefeli wewe mwenyewe, kwa mtihani ulioufanya, na alama utaziona. Mtu akikuambia alama zako hazikufika, mwambie akuonyeshe karatasi. Usione haya, usicheke kile kicheko, na usimhurumie. Hata akiwa ni mama yako anayekupenda. Huyo zaidi.

Na huo mwaka wa kukaa na begi za wenzio ni wangu, usiuhesabu kama wako. Wakikuuliza kwa nini hukimbii, usiseme "mimi ni mzito darasani." Sema, "Kuna karatasi ilitiwa saini nyumbani." Ni kweli, na hainivunjii heshima zaidi ya nilivyojivunjia. Najua mwaka kwa mtu wa miaka kumi na tisa ni kitu kikubwa. Mimi wangu ulikatwa ukaunganishwa na maisha, hata sikuona ulipoishia. Nina miaka thelathini na sita, watu wananiita mama tangu nikiwa na ishirini, na kuna siku pale Zhanxi, nikiwa nimebeba mzigo, napita shule watoto wanatoka na mabegi, najikuta nimesimama. Sitaki usimame hivyo mbele ya kiwanja cha mtu.

Hasira yangu haijaisha, naona. Nilidhani nikiandika itapungua. Imehama tu, imetoka kwa karani imekuja kukaa hapa juu ya robota. Iache, nitaizoea. Wewe usiibebe. Unayo ya kwako sasa, na ninajua itakuwa kubwa, na una haki nayo yote.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uikute huko mbali, ukiwa umekwisha kufika, na mimi niko huku ng'ambo na bahari katikati. Nimekwisha kuikunja mara moja. Kisha nikaona ni mchezo uleule. Naamua mimi, wewe huna habari, unakuja kujua jambo limekwisha. Hapana. Nimeikunjua. Nitakupa mkononi leo hii, pamoja na karatasi yako ya matokeo, kabla hatujala. Utakaa pale kitandani, mimi nitakaa hapa, na sitainuka kwenda kuchemsha kitu. Mpaka saa ya treni yako ya kwenda uwanja wa ndege kesho tunao muda mwingi wa wewe kunigombeza, na ukitaka kunyamaza, muda huohuo unatosha.

Ukimaliza kusoma, sema wewe kwanza.

Mama yako